Kitanda Juu ya Baiskeli

Jumatatu, 3 Agosti 1964

Filamu mpya imeingia kwenye kamera. Nimeitia mlango ukiwa umefungwa, shuka kichwani, na bado imenibidi nitumie meno. Vidole vitatu vya mkono wa kulia havikunjuki. Viwili vilivyobaki vinajitia hamnazo. Robo saa nzima nakitukana kitu kisichosikia. Mwishowe namba moja ikajitokeza kwenye kidirisha chekundu cha mgongoni. Kisanduku kimekubali.

Picha nane. Hizo ndizo za mwezi mzima.

Kipande changu cha barabara ni kilekile, kuanzia darajani mpaka njia panda ya Kikoneni. Leo nimefyeka upande wa bahari. Vumbi la malori ya miwa. Mnyapara amepita na gari, amepunga mkono. Hajawahi kushuka.

Saa nne nikaiona ya kwanza. Pale kisimani madebe yamepanga foleni yenyewe, wenye madebe wamekwenda kukaa kivulini. Debe moja jipya, linang'aa. Mengine yamebonyea na kuota kutu. Kila debe limeachiana nafasi na mwenzake kama watu wenye adabu zao. Nimeyatazama muda mrefu. Kisha nikainamisha kichwa juu ya kisanduku, nikabana pumzi, nikabonyeza kwa fundo la kidole gumba. Tik.

Wanawake waliniona, wakaendelea na maongezi yao. Kamera hii ni nzuri kwa jambo hilo. Unaishika tumboni, unatazama chini, na mtu hadhani kwamba unamtazama yeye. Na kweli simtazami. Natazama madebe.

Niliinunua kwa karani mmoja wa bara aliyehamishwa. Alisema imemchosha, haitoi sura za watu vizuri. Nikamwambia sina haja ya sura za watu.

Jumatano, 5 Agosti

Leo sikusema na mtu mpaka saa tisa. Saa tisa nilisema, "Chai, tafadhali."

Mama Zuhura wa njia panda ana vikombe vyake vya bati juu ya meza, na kimoja kimetundikwa peke yake nyuma ya nguzo. Hicho ni changu. Si mtu mbaya. Hunijazia pomoni, na mahamri hunichagulia makubwa. Lakini huyaweka juu ya jiwe, nami nayaokota juu ya jiwe. Huu mwaka wa pili. Cheti cha daktari ninacho, kimeandikwa kwamba ukoma wangu umekwisha na simwambukizi mtu. Nilimwonyesha nilipokuja. Alikisoma chote, akanirudishia kwa ncha za kucha.

Ya pili: kanga juu ya jiwe la maili. Mtu ameifua akaianika pale, upepo umeijaza. Ukiwa mbali unaona mwanamke mnene amesimama anangoja basi. Ukikaribia, ni jiwe. Nimecheka peke yangu. Kisha nikaona haya kwa kucheka peke yangu, nikapiga picha.

Barabarani kuna mambo mazuri kuliko watu wanavyodhani. Hawayaoni kwa sababu wanakwenda mahali. Mimi siendi mahali.

Alhamisi, 6 Agosti

Nitaandika kwa mpango, nisije nikapotea.

Saa mbili asubuhi. Jua liko mgongoni mwangu. Kutoka upande wa Msambweni anakuja kijana anasukuma baiskeli, na juu ya baiskeli kuna kitanda. Kipya kabisa, cha mti wa mbambakofi. Amekipindua, matendegu manne yanatazama mbinguni, kamba bado nyeupe. Baiskeli ikiingia shimoni, matendegu yote manne yanatikisika pamoja. Nikasema moyoni, hiki hakinipiti hivihivi.

Nikamwomba asimame. Akanipa shikamoo yangu. Mikono yangu hakuiona, ilikuwa imekumbatia kisanduku. Akajinyoosha wima, uso mkavu kama mtu anayepigwa picha ya kipande cha kitambulisho. Nikamwambia asinitazame mimi, asukume tu. Akasukuma. Tik. Ya tatu. Nilijua ni nzuri kabla sijainua kichwa.

Akataka nakala. Nikasema ataipata hapahapa, aulize mfyeka nyasi. Kisha nikamwuliza kitanda ni cha nani, kwa ajili ya kusema neno tu. Ningejua ningefunga mdomo.

Akacheka. Anaitwa Kassimu, kwao Majoreni, kazi yake kupasua mbao. Kitanda amekiunda mwenyewe. Anaoa Kikoneni mwisho wa mwezi, na amepata kiwanja hukohuko, nyumba imeshaezekwa. Binti anaitwa Mejumaa.

"Mejumaa wa nani?"

"Binti Salimu. Baba yake marehemu, alifia Mombasa kwa homa, zamani. Amelelewa na mjomba wake, mzee Rashidi."

Nikasema, "Mungu amrehemu."

Hayo ndiyo niliyosema. Kijana akaitika amina, akaenda zake na kitanda chake.

Salimu ni mimi. Mejumaa ni mwanangu, sina mwingine.

Ijumaa, 7 Agosti

Msikitini, safu ya mwisho. Pembeni yangu nafasi ya watu wawili, kama kawaida. Imamu akasema tusogeleane. Wakasogeleana wao.

Marehemu akaswali, akarudi nyumbani, akasonga sima.

Jumamosi, 8 Agosti

Hasira. Nimefyeka mpaka mpini umenichubua na sikujua, nimeona damu tu.

Niliingia wodini Mejumaa ana miaka mitano. Nilitoka ana kumi na tano. Mama yake nilimpa talaka mwenyewe, mwaka wa pili, asije akafungwa na mume aliye hospitali. Akaolewa Lunga Lunga. Mtoto akabaki kwa Rashidi, kaka wa mama yake. Kwetu Wadigo mjomba ni mtu mkubwa, mtoto ni wa upande wake. Sikatai. Rashidi amemlisha na kumvisha miaka yote, mimi sijampa hata kanga. Hilo nalijua, na linaniuma kuliko yote.

Nilipotoka nilikwenda Kikoneni mara moja. Rashidi alinikuta njiani, kwenye shamba la mihogo, kabla sijafika nyumbani. Akanitandikia mkeka, nikaketi peke yangu, yeye akasimama. Akanipa chakula kwenye jani la mgomba. Akaniambia, "Shemeji, mtoto amekwisha kusahau. Mwache." Nikamwacha. Nikala, nikashukuru, nikageuka. Nilidhani ananiomba nisubiri. Kumbe nilikuwa nazikwa, na chakula kile kilikuwa cha matanga yangu.

Jumatatu, 10 Agosti

Sikupiga picha. Barabara haina kitu. Uongo: ina vitu, mimi ndiye sina macho.

Nimelifikiri jambo hili siku mbili. Nikinyamaza, Mejumaa anaolewa, analala juu ya kitanda kile kizuri, anapata watoto, nami namfyekea njia anayopita. Nikisema, wazee wa Majoreni watauliza baba alikuwa na nini. Wataambiwa. Na kitanda kitarudi barabarani. Nani anataka mtoto wa mkoma nyumbani kwake? Ugonjwa hauendi kwa damu, daktari amesema. Lakini daktari haozi mtu.

Basi ninyamaze. Nilikuwa nimeshaamua hivyo, tena kwa moyo mweupe, nikachukua fyekeo. Halafu nikakumbuka tuliyosomeshwa chuo cha Kurani. Binti huozwa na walii wake, na walii ni baba, maadamu yu hai na ana akili zake. Mjomba hana kauli hapo, hata awe na minazi mia. Rashidi atamwambia Mwalimu Omari, anayefungisha ndoa Kikoneni, kwamba baba amekufa, na kweli upande wangu hakubaki mwanamume mwingine. Mwalimu ataifunga ndoa kama ya binti asiye na mtu. Na mtu yupo. Yuko maili chache tu, anafyeka nyasi.

Nikinyamaza, nampa mwanangu ndoa yenye dosari. Nikisema, huenda asipate ndoa.

Sina wa kumwuliza. Mama Zuhura alinitazama leo akasema, "Salimu, unaumwa?" Nikasema uchovu tu.

Jumanne, 11 Agosti

Kuichelewesha filamu ni woga. Picha ikirudi, kijana atarudi, na akirudi itanibidi nichague. Ndiyo maana siku hizi kila kitu nakiona kibaya, hakistahili picha. Nimejishika mwenyewe kwenye hila hiyo asubuhi nikiwa napiga mswaki.

Basi nimezimaliza zote tano leo. Sijawahi kufanya ufujaji kama huo. Makopa ya mihogo yaliyoanikwa kwenye mkeka pembeni mwa barabara. Mbuzi juu ya kalvati. Magunia ya mkaa yameegemeana. Meza ya Mama Zuhura asubuhi kabla hajafika, miguu yake mitatu na tofali. Ya nane hata sikuichagua. Niligeuka nyuma, nikabonyeza, nikaondoka.

Kondakta wa basi la saa sita ameichukua filamu kwenda kwa yule Mhindi wa picha Mombasa. Nimeifunga gazeti mara tatu. Kondakta hushika gazeti, hajui kwamba nimelifunga kwa mikono hii hii.

Alhamisi, 13 Agosti

Manyunyu. Nyasi. Nimepika, nimekula, nimelala.

Jumatatu, 17 Agosti

Zimerudi. Bahasha nimeificha ndani ya shati mpaka jioni, sikutaka kuifungulia njiani.

Kitanda kimetoka. Kijana amesukuma kichwa mbele, matendegu yamesimama juu yake dhidi ya mbingu tupu, na vumbi la gurudumu limetoka jeupe kama unga. Mbele kabisa, chini, kuna kitu sikukiona siku ile: kivuli changu. Jua lilikuwa mgongoni. Kichwa, mabega, viwiko viwili vimetokeza kwa pembeni. Kimelala barabarani mpaka kinagusa gurudumu la mbele. Ni kivuli cha mtu mzima, hakina kasoro. Kivuli hakionyeshi vidole.

Zile tano nilizozipiga ovyo ndizo zilizonikalisha chini. Meza ya Mama Zuhura imetoka kama mtu aliyesimama kwa mguu mmoja wa kuazima. Ile ya nane sikuitambua. Niliigeuza juu chini. Kisha nikaona: ni nyasi nilizozikata mwenyewe. Zimelala upande mmoja, safu baada ya safu, kwa kila pigo la fyekeo, mpaka kwenye kona barabara inapopinda. Miaka miwili nimeifanya kazi hiyo, sijawahi kugeuka nyuma nikaitazama.

Nimelia. Si sana. Kiasi cha mtu aliye peke yake ndani ya nyumba.

Nitamwambia kijana.

Jumatano, 19 Agosti

Amekuja saa tatu, na baiskeli tupu. Nimempa picha. Akaitazama, akatabasamu, akasema Mejumaa atafurahi, hajawahi kukiona kitanda, ameambiwa tu.

Nilikuwa nimepanga maneno mengi. Yote yalinikimbia. Nikaweka fyekeo chini, nikamnyooshea mikono yote miwili aione vizuri, nikamwambia, "Baba yake Mejumaa hakufa. Nilikuwa wodini. Salimu ni mimi, na mimi ndiye walii wake."

Akaitazama mikono. Akanitazama uso. Ikapita lori, tukameza vumbi sote wawili. Nikamwambia nimepona, cheti ninacho, akitaka nitamletea. Nikamwambia Mejumaa hana kosa, hajui, na Rashidi pia asimlaumu sana. Nilikuwa nabwabwaja. Nilijisikia nikibwabwaja na sikuweza kunyamaza.

Kassimu akaitazama picha tena. Akasema, "Kitanda kimetoka vizuri." Akaitia mfukoni, akapanda baiskeli, akaondoka. Hakuaga.

Hakwenda upande wa Kikoneni. Alikwenda upande wa Majoreni, kwa wazee wake.

Ijumaa, 21 Agosti

Hakuna habari. Sijui nimefanya nini. Nimemvunjia mwanangu nyumba kabla hajaingia. Nilitaka kumpa ndoa safi au nilitaka kuwa hai tu? Nimejiuliza hivyo siku mbili na jibu linabadilika kila nikijiuliza.

Mama Zuhura ameniwekea mahamri matatu. Nimekula moja.

Jumamosi, 22 Agosti

Rashidi amekuja. Ameshushwa na lori la miwa, amevuka barabara, amesimama ng'ambo ya mtaro. Tumezungumza mtaro uko katikati.

Nilitarajia matusi, na yalikuwapo. Aliniita mbinafsi. Alisema miaka kumi na miwili amebeba mzigo, nami nimekuja kuupiga teke mlangoni. Wazee wa Majoreni wanakutana tangu juzi, na nyumbani kwake hakuna anayekula. Kisha sauti ikamshuka. Alisema Kassimu si wa kwanza. Walikuja wachumba wawili kabla yake. Walipoulizia baba, yeye akasema kweli, na wote wawili hawakurudi. Wa pili hakurudi hata kuchukua mwavuli wake.

"Ningefanya nini, Salimu? Nikaona bora ufe wewe, aishi yeye."

Nilikuja na hasira yangu yote pale mtaroni, nikatafuta pa kuitua, nikakosa. Ningekuwa mimi ndiye mjomba, pengine ningemwua Salimu hata mapema zaidi. Nikamwuliza, Mejumaa anajua? Akasema anajua sasa. Amesema nini? Amejifungia.

Lori la kurudi likaja, akaondoka. Mambo mawili niliyataka siku zote, mwanangu aolewe na mwanangu ajue niko hai. La pili nimelipata, nalo limemfungia chumbani.

Jumanne, 25 Agosti

Mwalimu Omari amekuja mwenyewe kwa baiskeli, jasho mpaka kwenye kofia. Ni mtu wa maneno machache. Ameketi juu ya kalvati, akaniashiria niketi. Nikaketi mbali kidogo kwa mazoea. Akasema, "Sogea, nina koo bovu, siwezi kupiga kelele." Nikasogea.

Habari ni hizi. Wazee wa Majoreni walikataa. Kassimu akawaambia nyumba imeezekwa, kitanda kimeingia ndani, yeye haendi kukitoa. Walizozana siku tatu. Mjomba mmoja wa Kassimu aliwahi kulazwa wodi zilezile, jambo ambalo hakuna aliyetaka kulisema, mpaka bibi mmoja akalisema. Baada ya hapo sauti zikapungua. Ndoa iko palepale, Ijumaa hii, baada ya swala.

Nikauliza, na mimi?

Mwalimu akasema kisheria naweza kumpa uwakala hapohapo, juu ya kalvati, mbele ya watu wawili wazima. Yeye aifunge ndoa kwa niaba yangu, na itasihi, haina dosari. Hakuna atakayenilaumu. Au niende mwenyewe. Lakini wakati wa kuozesha, walii na bwana harusi hushikana mikono ya kulia. Wazee wametoa sharti: mkono wangu ufungwe kitambaa.

Nilishindwa kumtazama. Njia nyepesi ilikuwa hiyo, imeletwa mpaka miguuni pangu. Maneno mawili na nirudi kufyeka. Sitaona mtu akirudi nyuma. Sitaona yule kijana akiutazama mkono wangu mbele ya watu mia, akisita. Kusita kwake ndiko ninakokuogopa. Sikuogopa hivi nilipoambiwa na daktari nina ukoma.

Nikasema nitakwenda mwenyewe. Na kitambaa nakubali.

Mwalimu akasema haya basi. Akaomba maji.

Alhamisi, 27 Agosti

Nimefua kanzu. Nimeianika juu ya jiwe la maili, sina kamba ndefu. Nimekaa naichunga mchana kutwa, magari yananipigia honi.

Nimejizoeza kushika. Nimeushika mkono wa kulia kwa mkono wa kushoto, nikasema maneno ya kuozesha kwa sauti. Upumbavu. Mikono yote miwili haina hisia, hakuna unaojua kama umeushika mwenzake.

Filamu sina. Nyingine mwezi ujao, inshallah.

Ijumaa, 28 Agosti, Kikoneni, nyumbani kwa Mwalimu

Naandika barazani kwa Mwalimu, kabla ya magharibi. Ngoma zinasikika kutoka kwa kina Rashidi. Nitaandika nilivyoviona.

Nimefika na lori la miwa, nikatembea kilichobaki. Njia yote nilikuwa naona picha, na sina kamera. Mwanamke amebeba kabati la kioo kichwani, mawingu yanapita ndani ya kioo. Pengine ni bora. Macho yalipata kazi, moyo ukapumzika kidogo.

Rashidi amenipokea mlangoni safari hii, si shambani. Hakunipa mkono. Amenipa kiti. Watu walikuwa wengi na walinitazama wote, kisha wakaacha kutazama wote kwa pamoja, na hilo lilikuwa baya zaidi.

Mwalimu akaingia ndani na mashahidi wawili kumwuliza Mejumaa kama ameridhia. Amekaa sana. Nilihesabu boriti za paa. Alipotoka akasema ameridhia, kisha akainama sikioni kwangu akasema kuna neno jingine. Mejumaa ameuliza, "Baba amekula?"

Nikaufuta uso kwa mkono wa kanzu. Mwalimu akamwambia mtu fulani alete chakula, akijifanya hakuniona.

Nilikula. Sijui nilikula nini.

Kisha tukakalishwa mimi na Kassimu, goti kwa goti, juu ya mkeka mmoja. Rashidi akaleta kitambaa cheupe, kimepigwa pasi, akaufunika mkono wangu na kuufunga. Aliufunga vizuri, kwa upole, sina la kulalamika. Mwalimu akasoma hotuba. Akaniambia ninyooshe mkono. Nikanyoosha kile kifurushi.

Kassimu akakitazama. Akasita. Nilikwisha kujua kwamba atasita. Halafu akainamisha kichwa, akakifungua kitambaa. Fundo lilimshinda mara ya kwanza, akalifungua kwa meno. Akakikunja, akakitia mfukoni mwake. Akanipa mkono wake.

Mimi sikusikia kitu. Mkono wangu hauniambii. Ilinibidi nitazame, kama ninavyotazama juu ya kisanduku, kichwa chini: vidole vyake vyote vitano vimezunguka vyangu, na gumba lake juu ya gumba langu. Nikatazama hivyo wakati wote nikisema. Nimekuoza mwanangu Mejumaa, kwa mahari mliyokubaliana. Sauti haikunitoka vizuri, Mwalimu akanirudisha nikasema upya. Kassimu akasema amekubali. Mzee mmoja wa Majoreni akakohoa. Basi.

Hakuna picha ya jambo hilo. Mwenye kamera alikuwa mimi.

Mejumaa sijamwona bado. Kesho, wamesema, baada ya bibi harusi kutolewa nje kwa watu. Nina hofu ya uso wake. Sijui kama anafanana na mama yake.

Jumamosi, 29 Agosti, Kikoneni

Asubuhi shwari. Jogoo mmoja tu, na yeye amechelewa.

Kila nikiamka hukagua mikono, ndivyo tulivyofundishwa wodini. Mkono usio na hisia hausemi kama umeumia, lazima mwenyewe uutazame. Leo, kwenye mkono wa kulia, chini kidogo ya gumba, nimekuta alama ya kucha. Nyekundu, imeingia. Jana asubuhi haikuwapo. Nimekumbuka kila kitu nilichokigusa tangu jana: moto sikugusa, fyekeo sikugusa, mlango walinifungulia. Hakuna kingine.

Alibana, yule kijana.

Nimeosha. Mke wa Mwalimu ameniletea mafuta ya nazi kwenye kisahani, nikapaka. Akaniuliza naondoka saa ngapi, aniwekee chai mapema. Nimemwambia sina haraka.